Mashine imesema nimezidi kilo 9: je, niiamini?

Swali: Shikamoo daktari. Nina umri wa miaka 43, urefu wangu ni mita 1.64 na uzito wangu ni kilo 76. Mwezi uliopita nilipima kwenye mashine ya duka la dawa, pamoja na kaka yangu na binti yangu wa miaka 11. Karatasi yangu iliandika 28.3 na kwamba nimezidi kilo 9. Kaka yangu, mwenye mita 1.78 na kilo 90, alipata 28.4 naye akaambiwa amezidi, ingawa ni mnyanyua vyuma na hana kitambi. Binti yangu, mwenye mita 1.40 na kilo 32, alipata 16.3 na kuandikiwa “uzito pungufu”. Zamani niliambiwa nichukue urefu wangu kwa sentimita, nitoe 100, na kinachobaki ndicho kilo zinazonifaa. Namba hizi zinatoka wapi, na kati yetu watatu ni nani hasa mwenye tatizo?

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na hesabu yenyewe, kwa sababu mashine haikukosea hapo. Ilichukua kilo zako 76 ikazigawa kwa urefu wako uliozidishwa kwa wenyewe, yaani 1.64 mara 1.64, ambayo ni 2.69, ikapata 28.3. Huo ndio uwiano wa uzito na urefu ambao wengi wanaujua kwa herufi zake tatu, BMI. Kwa watu wazima, Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka ifuatayo: chini ya 18.5 ni uzito pungufu, kati ya 18.5 na 24.9 ni uzito wa kawaida, kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene uliokithiri, ambao nao una daraja la pili linaloanzia 35 na la tatu linaloanzia 40. Zile kilo 9 zilipatikana kwa kurudi kinyumenyume: mashine ilizidisha 24.9 kwa 2.69, ikapata kilo 67, kisha ikazitoa kwenye 76. Kitu ambacho karatasi haikukuonyesha ni mpaka wa upande wa pili. Kwa urefu wako, uzito wa kawaida unaanzia kilo 50 na kuishia 67, na huo ni upana wa kilo 17. Kwa hiyo hakuna kilo moja mahususi iliyoandikwa kwa ajili yako mahali fulani, na mtu yeyote anayekutajia namba moja tu kama “uzito wako sahihi” anakupa uhakika ambao yeye mwenyewe hana.

Ile kanuni ya kutoa 100 ni ya zamani, na kwa kawaida inahusishwa na Paul Broca, daktari mpasuaji wa Ufaransa wa karne ya 19. Kwako inaleta kilo 64, jambo ambalo si baya, kwa kuwa kilo hizo zinaangukia ndani ya eneo la kawaida. Tatizo lake ni kwamba haimtendei kila mtu sawa. Mtu wa mita 1.50 inampa kilo 50, ambazo ni uwiano wa 22.2, ilhali mtu wa mita 1.90 inampa kilo 90, ambazo ni 24.9, yaani tayari yuko ukingoni. Itumie kama makisio ya haraka pale usipokuwa na kikokotoo, na usiipe kazi zaidi ya hiyo.

Uwiano uliotumiwa na mashine nao haukubuniwa na daktari. Aliyeugundua ni Adolphe Quetelet, Mbelgiji aliyekuwa mwanahisabati na mwanafalaki, ambaye katika miaka ya 1830 alikuwa akitafuta sifa za “mtu wa wastani” katika jamii, wala hakuwa na haja ya kujua nani ni mgonjwa. Alichokiona ni kwamba kwa watu wazima, uzito huongezeka takriban sawasawa na kipeo cha pili cha urefu. Kama mwili ungekuwa sanduku linalokuzwa pande zote kwa kiasi kilekile, ungetarajia kipeo cha tatu, kwa sababu ndivyo ujazo unavyokua. Lakini watu warefu si watu wafupi waliokuzwa, na vifua na mabega yao hayapanuki kwa kadiri ileile ambayo urefu wao unaongezeka. Kipeo cha pili ni makubaliano yanayofaa kwa watu wengi, ingawa kwa warefu sana kipimo huelekea kutia chumvi, na kwa wafupi sana huelekea kupunguza. Jina linalotumika leo lilitolewa mwaka 1972 na mtafiti Ancel Keys wa Marekani pamoja na wenzake, baada ya kulinganisha fomula kadhaa kwa kutumia vipimo vya maelfu ya watu kutoka nchi tano. Watu hao wote walikuwa wanaume, jambo ambalo ni vema mwanamke anayesoma karatasi ya mashine alijue. Keys mwenyewe alikipendekeza kipimo hiki kwa ajili ya kuchunguza makundi ya watu, na sababu yake kubwa ilikuwa kwamba ni rahisi na hakifanyi vibaya kuliko vingine.

Mipaka nayo ni makubaliano ya wataalamu. Marekani, hadi mwaka 1998, mwanamume alihesabiwa kuwa na uzito uliozidi akifikia 27.8 na mwanamke akifikia 27.3, mwaka huo mpaka ukateremshwa hadi 25 kwa wote, na mamilioni ya watu wakajikuta katika kundi jipya bila kuongeza hata gramu moja. Vilevile, mwaka 2004 jopo la Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kwa watu wenye asili ya Asia hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo huanza kupanda mapema zaidi, na likapendekeza 23 na 27.5 ziwe alama za kuchukua hatua katika jamii hizo. Miili haikubali kupangwa kwa rula moja.

Hata hivyo, nisingependa ukimbilie kusema kwamba namba hii haina maana. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2009, uliounganisha tafiti 57 zenye watu wapatao 900,000, ulionyesha kwamba vifo vilikuwa vichache zaidi kwa watu wenye uwiano kati ya 22.5 na 25, na kwamba juu ya hapo kila nyongeza ya 5 iliambatana na ongezeko la takriban asilimia 30 la vifo. Kwa kundi la watu, basi, namba inasema kweli. Inapofika kwa mtu mmojammoja ndipo inapoanza kukosea, na wewe na kaka yako mmetoa mfano mzuri kuliko ambao ningeweza kuutunga: watu wawili wenye 28 na pointi kidogo, ambao huenda hali zao za kiafya zinatofautiana sana.

Mizani hupima kila kitu kilichosimama juu yake: misuli, mifupa, maji, mafuta, na chakula cha mchana. Haiwezi kutenganisha. Misuli ni mizito kuliko mafuta ya ujazo uleule, hivyo mtu anayenyanyua vyuma kwa miaka anaweza kuwa na kilo nyingi ndani ya mwili uliokaza, na uwiano ukamhesabu pamoja na aliyenenepa. Kinyume chake pia hutokea, nacho hunitia wasiwasi zaidi kwa kuwa hakionekani: mtu mwenye 23, aliyeambiwa yuko salama, lakini misuli yake imenywea na mafuta yamejikusanya tumboni. Huyo huondoka na karatasi nzuri na sukari inayopanda.

Jambo la pili ambalo mizani haioni ni mahali mafuta yalipokaa. Mafuta ya chini ya ngozi, hasa ya nyonga na mapaja, ni ya utulivu kiasi. Mafuta yanayozunguka utumbo na viungo vya ndani ya tumbo ni mengine kabisa: damu inayotoka huko hupita moja kwa moja kwenye ini, ikibeba asidi za mafuta na kemikali zinazochochea uvimbe wa ndani kwa ndani, na baada ya muda mwili unaanza kuikaidi insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Wanawake kwa kawaida huhifadhi mafuta nyongani hadi wanapokaribia kukoma hedhi, kisha hifadhi hiyo huanza kuhamia tumboni, hata pale mizani isipobadilika sana. Katika miaka 43, hilo ni jambo la kulitazama kuanzia sasa.

Kwa sababu hiyo, kipimo ninachokihitaji kutoka kwako, na ambacho hukuniandikia, ni mzingo wa kiuno. Hauhitaji mashine, futi laini ya fundi cherehani inatosha. Lakini upime ipasavyo, kwa sababu makosa ni mengi. Usifuate mkanda wa suruali wala sketi, maana wengi hufunga chini ya kitambi na kujipunguzia sentimita kumi bila kujua. Papasa ubavu wako wa mwisho upande mmoja, kisha papasa ncha ya juu ya mfupa wa nyonga upande huohuo. Katikati ya sehemu hizo mbili ndipo futi inapopita. Simama wima, miguu ikiwa imekaribiana na uzito umegawanyika sawa, zungusha futi juu ya ngozi au nguo nyepesi sana, hakikisha nyuma haijateremka, kisha toa pumzi kama kawaida na usome mwisho wa pumzi hiyo. Usivute tumbo ndani. Futi iguse ngozi bila kuibana. Pima mara mbili, na zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, rudia.

Baada ya hapo, linganisha kiuno na urefu wako. Kanuni ninayoipenda kwa wepesi wake, na ambayo taasisi ya NICE ya Uingereza iliiingiza katika miongozo yake mwaka 2022, ni kwamba kiuno kisifikie nusu ya urefu. Nusu ya urefu wako ni sentimita 82, na ya kaka yako ni 89. Ukiwa kati ya nusu na asilimia 60 ya urefu, hatari imeongezeka. Ukifikia asilimia 60, ambayo kwako ni takriban sentimita 98, hatari ni kubwa. Utakutana pia na mipaka ya Shirika la Afya Duniani isiyotazama urefu: kwa mwanamke, hatari huongezeka kuanzia sentimita 80 na kuwa kubwa zaidi kuanzia 88, kwa mwanamume, 94 na 102. Mipaka hiyo miwili haigombani, ila ile ya nusu inamfaa vizuri zaidi mtu ambaye ni mfupi au mrefu kuliko wengi.

Kama kaka yako atapata, tuseme, sentimita 84 au 86, nitakubaliana naye kwamba karatasi ya mashine ilimwonea. Akipata 95, tutazungumza lugha nyingine, vyuma au pasipo vyuma. Nalisema hili kwa sababu utetezi wa misuli hupendwa na watu wengi kuliko wanaoustahili, kama ulivyo ule wa “nina mifupa mizito”. Kati ya watu wawili wa urefu uleule, tofauti ya mifupa ni ya kilo chache tu. Haiwezi kueleza kilo 15. Mwenye 28 asiyefanya mazoezi mazito kwa miaka kadhaa, mara nyingi ni mafuta.

Wataalamu wenyewe wamekuwa wakielekea huku. Januari 2025 jopo la kimataifa, katika ripoti iliyochapishwa na jarida la The Lancet Diabetes & Endocrinology, lilipendekeza kwamba unene uliokithiri usitambuliwe kwa uwiano wa uzito na urefu peke yake, bali uthibitishwe kwa kipimo cha kiuno au kwa kupima mafuta ya mwili moja kwa moja, isipokuwa pale uwiano unapozidi 40, ambapo hakuna cha kubishania. Jopo hilo pia lilitenganisha mtu ambaye mafuta yake yameshaanza kuharibu kazi za mwili na yule ambaye bado hayajamdhuru. Naona ni mgawanyo wa busara, kwa kuwa watu hawa wawili hawahitaji dawa moja. Ama mizani za nyumbani zinazodai kupima asilimia ya mafuta kwa kupitisha umeme hafifu miguuni, hizo hutegemea maji yaliyomo mwilini, na ukinywa maji mengi au ukitoka jasho zinabadilisha jibu. Usitumie pesa zako huko wakati futi ipo.

Kabla ya yote hayo, rudia vipimo vya mashine. Urefu ndio unaoharibu hesabu kuliko uzito, kwa kuwa unazidishwa kwa wenyewe. Ukiwa kwa kweli una mita 1.61 badala ya 1.64, uwiano wako unapanda kutoka 28.3 hadi 29.3, ukipimwa na viatu ukaonekana una 1.67, unashuka hadi 27.3. Simama bila viatu, visigino, makalio na mgongo vikigusa ukuta, macho yakitazama mbele, na mtu mwingine akuwekee kitabu kigumu kichwani kwa pembe mraba na ukuta, kisha atie alama. Uzito upimwe asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya kula, kwa nguo nyepesi, juu ya sakafu ngumu. Katika siku moja uzito hupanda na kushuka kwa kilo moja au mbili kwa ajili ya maji na chakula tu, kwa hiyo usihuzunike wala kushangilia kwa ajili ya kilo ya jana.

Sasa binti yako, ambaye ndiye mashine iliyemkosea kabisa. Mipaka ya 18.5 na 25 ni ya watu wazima. Kwa mtoto, uwiano hubadilika kadiri anavyokua: huanza kushuka baada ya utoto wa mwanzo, hufikia chini kabisa kabla ya umri wa kuanza shule au karibu yake, kisha hupanda polepole hadi utu uzima. Kwa hiyo watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 husomwa kwa majedwali maalumu ya umri na jinsia, ambayo Shirika la Afya Duniani liliyachapisha mwaka 2007. Katika jedwali la wasichana wa miaka 11, namba ya katikati ni karibu 17, wembamba wa kutia wasiwasi unaanza chini ya 14 hivi, na uzito uliozidi unaanza karibu na 20. Binti yako mwenye 16.3 yuko chini kidogo tu ya katikati, pamoja na wenzake wengi. Hana uzito pungufu. Ambacho daktari wake angependa kukiona ni mfululizo: kama miaka iliyopita alikuwa juu ya jedwali na sasa anashuka mstari baada ya mstari, hilo ni la kuchunguzwa, hata kama namba ya leo ni nzuri. Kama amekuwa akifuata mstari wake uleule, mwache ale na akue. Na kama aliisoma ile karatasi, mweleze mapema kwamba ilitumia rula ya watu wazima, kwa sababu msichana wa umri huo huyabeba maneno kama hayo kwa muda mrefu.

Wapo wengine ambao mashine haiwafai: mjamzito, ambaye hutathminiwa kwa uzito aliokuwa nao kabla ya mimba; mtu aliyevimba miguu au tumbo kwa ajili ya ugonjwa wa moyo, ini au figo, ambaye kilo zake ni maji; na mzee, ambaye urefu wake umepungua na misuli imekwisha, kiasi kwamba namba “ya kawaida” inaweza kuficha udhaifu. Nitaje na jambo moja la upande wa pili, kwa kuwa watu hulifurahia kimakosa: mtu anayepungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia anapaswa kumwona daktari, hata kama kupungua huko kumempeleka kwenye eneo la kawaida.

Nirudi kwako. Mwanamke wa miaka 43 mwenye 28.3 si mgonjwa kwa sababu ya namba hiyo, ila ana sababu ya kutosha ya kuchunguzwa. Nenda kituo cha afya ukapimwe shinikizo la damu, sukari, ikiwezekana kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu, na mafuta ya damu. Mweleze daktari kama katika ukoo kuna kisukari au magonjwa ya moyo, kama ulipata kisukari wakati wa ujauzito, kama unakoroma sana na kuamka umechoka, kama magoti yanauma, na uzito wako ulikuwa kiasi gani ulipokuwa na miaka 25. Mtu aliyekuwa na kilo 76 tangu ujana na mtu aliyetoka 58 hadi 76 ndani ya miaka michache wana namba moja leo, lakini historia zao hazilingani.

Kiuno chako kikiwa chini ya 82 na vipimo vya damu vikiwa vizuri, lengo langu kwako lingekuwa kutoongezeka, pamoja na mazoezi ya kutembea kwa kasi na ya kujenga misuli. Kikiwa juu ya hapo, au shinikizo na sukari vikiwa vimeanza kupanda, punguza, lakini usianze na zile kilo 9. Faida ya kiafya huanza kuonekana kwa kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito, ambayo kwako ni kati ya kilo 4 na 7 na nusu, hata kama mashine itaendelea kukuandikia kwamba umezidi. Jipe miezi sita, pima kiuno mara moja kwa mwezi mahali palepale, na uandike kiuno, uzito na uwiano pamoja na tarehe. Kiuno kikipungua sentimita 4 huku mizani ikiwa imeshuka kilo 2 tu, usibadilishe unachokifanya.